UZI: Altrasaundi ya mguu baada ya angioplasti – bila namba ya mwanzo, namba ya pili haisemi kitu

MpimajiMalindi

Assalaam aleikum wanajukwaa. Uzi huu ni wa wapimaji, wauguzi na matabibu wa huku pwani tunaoletewa mgonjwa aliyefunguliwa ateri ya mguu kwa puto, pengine na stenti (kibomba cha waya kinachoachwa ndani ili ateri isifunge) juu yake, Nairobi au kwingineko, kisha akarudi nyumbani na karatasi imeandikwa "arudi kupimwa". Apimwe nini, lini, na kwa kulinganishwa na nini, karatasi haisemi.

Tuanze na kile tunachokifuatilia. Puto haliondoi uchafu uliojaa ndani ya ateri. Linaupasua na kuukandamiza ukutani. Ukuta ulioumizwa unajiponya, na kovu lake linamea kwa ndani, huko huko damu inakopita. Mfinyo ukirudi ndani ya saa au siku chache, ateri imejikunja tena kama mpira uliovutwa ukaachiwa, au damu imeganda. Ukirudi kati ya mwezi wa 3 na wa 12, hilo kwa kawaida ni kovu. Baada ya miaka 2 aghalabu ni ugonjwa wenyewe unaoendelea, mara nyingine juu au chini ya pale palipotibiwa. Ndiyo sababu ratiba inabana mwanzoni: picha ya kwanza ndani ya mwezi 1, halafu mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka. Mwenye stenti ndefu au kidonda kisichofunga asikae zaidi ya miezi 6.

Picha ya kwanza ndiyo inayorukwa kuliko zote, na hasara yake haionekani siku hiyo. Puto likiacha mfinyo usiofika asilimia 30, kazi inahesabiwa imefaulu. Sasa mpimaji wa mwezi wa 6 akikuta kasi ya damu imepanda mahali pale (penye mfinyo damu hukimbia zaidi), atajuaje kama ni mfinyo mpya au ni yale mabaki ya siku ya puto? Hawezi kujua. Mgonjwa anarudishwa safari ya bure, au anaachwa na ateri inayofunga.

Upimaji wenyewe: alale chali dakika 10 hadi 15 kabla hujagusa jeli. Aliyetoka kutembea juani kutoka stendi ya matatu, damu inakimbia mguuni kuliko kawaida na wimbi la mtiririko wake kwenye skrini linabadilika sura. Kinyume chake ni kiyoyozi. Chumba kikiwa nyuzi 18, mishipa midogo inajikunyata na ateri za unyayo zinakuwa kama uzi wa kushonea. Weka nyuzi 24 au 25, na mguu usiopimwa ufunike kwa kanga.

Anzia kinenani kwa mkato wa kukingama, uone ateri kuu inavyogawanyika: tawi moja linazama ndani ya paja, jingine linashuka hadi gotini. Hili linaloshuka ndilo lenye kupigwa puto mara nyingi. Probu bapa (kichwa cha mashine kinachowekwa kwenye ngozi) ya megahezi 5 hadi 10 inatosha paja na muundi. Lakini paja la chini, ateri inapoingia mfereji wa Hunter (njia kati ya misuli ya paja), kwa mtu mnene chukua probu ya tumbo ya megahezi 2 hadi 5, kunja goti kidogo, geuza mguu nje, bonyeza kutoka upande wa ndani. Hapo ndipo ripoti nyingi huandikwa "haikuonekana vizuri", na hapo hapo ndipo mfinyo hupenda kukaa.

Rangi ambazo mashine inaupaka mtiririko wa damu zinakuonyesha pa kupima tu, rangi si kipimo. Ukiona zimevurugika, weka kidirisha cha Dopla (kipimo cha kasi ya damu kwa mawimbi ya sauti) cha milimita 1.5 hadi 2 katikati ya mkondo, usogeze kidogo kidogo kupitia mfinyo wote ukitafuta kasi ya juu kabisa. Kisha rudi juu sentimita 2 hadi 4, penye ateri safi, upime tena. Gawanya ya kwanza kwa ya pili.

Chukua mfano wa stenti ya paja: juu yake kasi ni sentimita 88 kwa sekunde, ndani yake 312. Uwiano ni 3.5. Kwa ateri isiyo na stenti, uwiano wa 2 ni mfinyo wa asilimia 50 au zaidi. Uwiano wa 3.5 pamoja na kasi inayopita 300 ni zaidi ya asilimia 70. Ndani ya stenti, kasi ya 275 na kupanda pamoja na uwiano wa 3.5 inahesabiwa kama asilimia 80. Stenti inaukaza ukuta, kwa hiyo kasi inaweza kuwa juu kidogo hata ikiwa safi kabisa. Tunarudi pale pale: yake ya mwezi wa kwanza ilikuwa ngapi?

---

MuuguziVidonda

Wa aleikum salaam Mpimaji. Kwetu kliniki ya vidonda hatuna mashine ya rangi, tuna Dopla ya penseli na mkanda wa presha. Tunapima presha ya kifundo cha mguu, tunagawanya kwa ya mkono. Je, hiyo inatosha kumfuatilia mtu miezi ambayo hakuna picha? Na wenye kisukari wanaotoa 1.5, mguu unaonekana mzima kuliko mkono, hao niwaandikeje?

---

MpimajiMalindi

Dada Muuguzi, inasaidia sana mradi ipimwe vile vile kila mara. Alale dakika 10. Mkanda uzunguke juu kidogo ya vifundo, upana wake uwe kama asilimia 40 ya mzingo wa mguu. Penseli ya megahezi 8, jeli ya kutosha, iinamishe digrii 45 hadi 60, usiikandamize maana ateri ya mgongo wa unyayo iko juu ya mfupa na inazibika kwa kidole tu. Jaza hadi sauti ipotee, ongeza milimita 20, kisha punguza polepole, milimita 2 kwa sekunde. Sauti inaporudi, hiyo ndiyo namba. Pima ateri ya mgongo wa unyayo na ile ya nyuma ya kifundo, chukua iliyo kubwa, gawanya kwa mkono ulio na presha kubwa kati ya miwili.

Mkono 140, kifundo 122: ni 0.87. Miezi 3 baadaye mkono 140, kifundo 98: ni 0.70. Imeshuka 0.17. Ikishuka zaidi ya 0.15 usingoje tarehe ya picha, mpeleke.

Huyo wa 1.5 usimwandike "mzima". Kinachopita 1.4 maana yake ateri imejaa chokaa, mkanda unabana bomba gumu lisilofinyika. Kwa kisukari cha miaka mingi na figo ni jambo la kila siku. Sikiliza sauti badala ya namba: ateri nzima inapiga kwa pigo kali, inarudi nyuma kidogo, inamalizia. Ateri iliyofinywa juu inatoa sauti moja laini kama upepo unaopita mlangoni. Kisha pima presha ya kidole gumba cha mguu, kwa sababu ateri za vidole huwa haziathiriwi sana na chokaa hiyo. Ikiwa chini ya 30, kidonda hakitarajiwi kupona bila damu kuongezwa.

---

MuuguziVidonda

Nimeelewa. Niongeze moja kwa wenzangu wanaotumia sensa ya mwanga kupima kidole: mama aliyepaka piko, ile nyeusi, sensa inaweza kusoma vibaya kwa sababu mwanga haupiti. Tafuta kidole kisicho na piko, au tumia Dopla. Na rangi ya kidole huwezi kuitegemea kujua kama kimepauka kwa kukosa damu, linganisha ubaridi kwa mgongo wa mkono wako, mguu huu na ule. Altrasaundi yenyewe haizuiliwi na hina, asifukuzwe mtu harusini kwa ajili hiyo.

---

PembeDigrii60

Mpimaji amesema kweli yote ila pembe, ile iliyo kati ya mawimbi ya probu na mkondo wa damu, amepita mbio, na ndiyo inayoharibu ripoti nyingi kuliko mashine mbovu.

Mashine haijui damu inaelekea wapi. Wewe ndiye unayeiambia kwa ule mstari mdogo unaouzungusha. Ukikosea digrii 5, ubaya wa kosa unategemea ulikuwa wapi. Pembe ya kweli ikiwa 45 ukaandika 50, kasi inaongezeka kama asilimia 10. Ikiwa 60 ukaandika 65, ni asilimia 18. Ikiwa 70 ukaandika 75, ni asilimia 32, yaani kasi ya 200 inasomeka karibu 264 na mgonjwa anafungishwa safari ya Nairobi. Kwa hiyo 60 ndiyo dari. Na si lazima uwe chini sana, la muhimu ni pembe ile ile kila ziara. Aliyepimwa kwa 60 mwezi wa kwanza, mpime kwa 60 mwezi wa 6, na uiandike kwenye ripoti.

Ateri ya paja inalala sambamba na ngozi, ndiyo maana pembe inasumbua. Elekeza mawimbi digrii 20 kwa kitufe, kisha egemeza probu upande mmoja, kisigino chini na kidole juu, hadi ateri ionekane ikipanda skrini kwa mteremko. Mstari ufuate mkondo wa damu, na palipo na mfinyo wa upande mmoja mkondo hauko sambamba na ukuta. Angalia rangi inakoelekea.

Kosa la pili ni kuandika "imeziba kabisa" kwa ateri yenye mtiririko mdogo. Kabla hujaliandika neno hilo, shusha skeli ya kasi, shusha filta ya ukuta, pandisha geini (ukuzaji wa mwangwi) hadi vumbi la rangi lianze kuonekana nje ya mshipa kisha urudi nyuma kidogo, badilisha uende Dopla ya nguvu, inayonasa hata mtiririko mdogo. Ikiwa kweli imeziba, utaona juu ya kizibo tawi kubwa likitoka, na chini yake tawi jingine likirudisha damu. Hizo ni njia za panya mwili ulizojitengenezea. Pima urefu kati ya tawi linalotoka na linalorudi, ndio urefu wa kizibo, na daktari wa puto anauhitaji.

La tatu ni chokaa. Kivuli cheusi kinaanguka chini ya ukuta na sentimita 2 za ateri hazionekani. Usibuni. Pima kabla ya kivuli na baada yake. Wimbi likiwa kali juu, na chini likawa linapanda polepole na kuwa butu, mfinyo uko ndani ya kile kivuli hata kama hukuuona. Wimbi likiwa sawa pande zote mbili, hakuna mfinyo wa maana hapo.

---

DaktariWaMishipa

Uzi mzuri. Nina pingamizi moja, nalitoa kwa heshima.

Kwa mshipa uliopandikizwa kwa upasuaji, ufuatiliaji wa altrasaundi una mizizi ya muda mrefu: unanasa mfinyo kabla njia nzima haijafa, na njia ya kupandikizwa ikifa ni vigumu kuifufua. Kwa ateri iliyopigwa puto, ushahidi kwamba kumpima kila mtu kila mara kunaokoa miguu si mzito kiasi hicho. Mtu anayetembea kutoka Barani hadi sokoni bila kigimbi kumuuma, kidonda hana, presha ya kifundo haijashuka, kisha altrasaundi ikaonyesha mfinyo wa asilimia 60: wengi wetu hatumgusi. Kila puto ni jeraha jipya kwa ukuta ule ule. Mguu ndio unaotibiwa.

Ninapokubaliana kabisa ni kwa aliyefunguliwa ateri kwa sababu ya kidonda au kidole kilichooza. Huyo akifinyika tena kabla kidonda hakijafunga, anaweza kupoteza mguu ndani ya wiki. Apimwe mapema na mara kwa mara, na uwiano wa 3.5 kwake ni simu ya siku hiyo hiyo, msiungoje mwezi ujao.

---

MpimajiMalindi

Daktari, pingamizi nalipokea. Ila ndiyo sababu nyingine ya kutaka picha ya mwanzo. Ili umwache huyo wa asilimia 60 kwa moyo mkunjufu, lazima ujue kama amesimama hapo hapo tangu mwezi wa kwanza au alikuwa 20 akapanda. Aliyesimama umwache. Anayepanda mlete baada ya miezi 3, si mwaka.

---

DaktariWaMishipa

Hapo tumekutana.

---

TabibuPate

Nauliza kwa upande wa Lamu. Mgonjwa wa Faza au Kizingitini akitoka Nairobi, anafika Mokowe kwa basi, anavuka kwa boti, kisha boti nyingine hadi Pate kulingana na maji. Kumrudisha tena ndani ya mwezi kwa picha ya mwanzo si kazi ndogo. Je, ifanywe huko huko kabla hajatoka hospitali? Na kinenani alipochomwa, sisi wa zahanati tuangalie nini?

---

PembeDigrii60

Kwa wa visiwani, ndiyo, aombe ipimwe kabla ya kuondoka. Ina kasoro zake: kinena kinauma, kuna uvimbe wa damu, ukuta umetoka kupasuliwa na kasi inaweza isitulie. Lakini ina faida: ikiwa kuna mabaki makubwa au damu imeanza kuganda, inajulikana angali karibu na waliomtibu. Ipatikane namba ya stenti nzima: juu yake, mwanzo wake, katikati, mwisho, na chini yake. Ncha za stenti ndizo zinazofinyika kwa siri. Akipata nafasi ya kupimwa tena ndani ya wiki 4 hadi 6, hiyo ndiyo iwe mizani.

Ripoti asipewe karatasi ya nakala peke yake, maana unyevu wa boti unaimaliza. Apigwe picha ya simu ya ukurasa wote, na mtu wa nyumbani awe nayo pia.

---

MuuguziVidonda

Kuhusu kinena, Tabibu: alama ya bluu inayoshuka pajani na kupauka ni kawaida. Uvimbe mgumu unaopiga chini ya kidole kama moyo mdogo si kawaida. Hapo tundu la sindano halikufunga na damu inatoka na kurudi kwenye kifuko. Usiukamue, usiuchome, usiufunge bandeji ukasahau. Mlaze, mpeleke akapimwe. Kwenye rangi utaona nusu nyekundu nusu bluu zikizunguka ndani ya kifuko, na kwenye shingo ya kifuko Dopla inakwenda mbele na nyuma. Kikiwa chini ya sentimita 2 kinaweza kuganda chenyewe kwa kuangaliwa. Kikubwa zaidi, au kinachokua, kinatibiwa.

Mguu ukiwa wa baridi ghafla, mweupe, ganzi, vidole havichezi, hiyo haingoji picha ya mtu yeyote. Ni saa chache tu. Boti itafutwe usiku huo huo.

---

TabibuPate

Shukrani. Na Ramadhani?

---

MpimajiMalindi

Ukipima ateri za nyonga, kufunga kunakusaidia: tumbo tupu saa 6 hadi 8, gesi inapungua, ateri zinaonekana. Weka miadi saa hizo zikitimia tangu daku. Nje ya Ramadhani mwambie asile mbaazi usiku wa kuamkia kipimo, gesi yake inafunika nyonga yote. Mwenye kisukari anayechoma insulini awe wa kwanza kwenye foleni, na asifungishwe kwa ajili ya kipimo bila dozi yake kupangwa. Paja na muundi peke yake havihitaji kufunga kabisa.

Dawa za kuzuia damu kuganda asizikatize kwa saumu. Aspirini na klopidogreli ni mara 1 kwa siku, zinaingia futari au daku. Apangiwe na daktari wake kabla mwezi haujaandama. Anayeacha klopidogreli mwenyewe wiki za mwanzo za stenti anajiweka hatarini kuganda damu ndani yake.

---

FundiMitambo

Niseme la mashine maana huku kwetu hewa ya chumvi haihurumii.

Pini za probu zinaota kutu ya kijani. Probu isiyotumika isiachwe imechomoliwa mezani, ifungiwe kwenye sanduku lake na vifuko vya kunyonya unyevu. Umeme ukikatika na kurudi ghafla unaua bodi, kwa hiyo betri ya akiba iwe kati ya ukuta na mashine, na mashine izimwe kwa kitufe chake. Spiriti kali usipangusie mpira wa mbele wa probu, unakauka na kupasuka. Tumia kinachoruhusiwa na mtengenezaji.

Kipimo cha dakika 1 kila Jumatatu: washa probu bila jeli, hewani. Utaona mistari ya mwangwi imelala sawasawa. Ukiona ufa mweusi unaoshuka wima, baadhi ya vipande vya ndani vimekufa. Thibitisha kwa kupitisha klipu ya karatasi taratibu juu ya uso wa probu: inapopita kwenye kipande kizima, mwangwi wake unaonekana, ikipita kilichokufa unapotea. Probu yenye ufa katikati inadhoofisha Dopla, na mtiririko mdogo unaweza kusomeka kuwa ateri imeziba.

---

PembeDigrii60

Hilo la Fundi liambatishwe na ripoti: aina ya probu iliyotumika. Mwezi wa kwanza probu bapa na mwezi wa 6 probu ya tumbo, namba hazilinganishwi kirahisi.

---

MpimajiMalindi

Basi ripoti iwe hivi, na anayetaka anakili aiweke ukutani: tarehe ya puto na mahali palipopigwa, stenti ipo au haipo na urefu wake, presha ya mikono yote miwili, presha ya vifundo vyote viwili na uwiano wake, kasi ya kinenani, kasi juu ya sehemu iliyotibiwa, kasi ya juu kabisa ndani yake na umbali wake kwa sentimita kutoka kwenye mgawanyiko wa kinenani, uwiano, pembe, sura ya wimbi nyuma ya goti na kifundoni, ateri ngapi kati ya 3 za muundi zinafika unyayoni. Chini kabisa, namba za ziara iliyopita pembeni mwa za leo.

Huo umbali kutoka kwenye mgawanyiko usiachwe. Andika "sentimita 14 chini ya mgawanyiko", na mpimaji mwingine yeyote, Lamu au Mombasa, ataweka probu pale pale.